Kufunga kishamba kabla ya baridi: shajara ya Leicester, 2024

Jumamosi, 21 Septemba

Lengo: kishamba chetu cha kukodi hapa Leicester kifungwe kabla udongo haujapoa, na kila kinachong'olewa kiishie jikoni au kwenye mboji. Ni nusu ya kipande cha kawaida, kama mita za mraba 125 hivi, na mwenye mali ni halmashauri ya jiji. Kubebewa taka za bustani ni huduma ya kulipia, na mimi sioni kwa nini nimlipe mtu aniondolee rutuba yangu. Baba Salma anasema huo ni ubahili. Huenda.

Orodha ya kazi imebandikwa kwenye mlango wa friji. Karani ni Salma, yuko darasa la sita, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Hamadi ana miaka mitano. Yeye amepewa kazi ya kubeba chochote kisicho na ncha.

Hali ilivyo: nyanya zimesimama lakini zimegoma kuiva. Maboga yamelala vizuri. Maharage ya kutambaa yamekauka kwenye miti yake. Sukuma wiki iko salama chini ya wavu, maana bila wavu njiwa wa hapa hawakuachii hata mshipa wa jani. Koa wametutesa mwaka huu kuliko mwaka wowote. Kiangazi kilikuwa cha mvua, na kila jirani ana kilio hicho hicho.

Kazi ya leo ilikuwa mchicha. Siku zikianza kufupika huku Uingereza, mchicha huacha majani na kukimbilia maua, na hata uukate vipi haurudi nyuma. Tumekata mashuke yote tukayatia ndani ya foronya kuukuu, foronya tukaining'iniza juu ya hita ya koridoni. Zikikauka, mbegu zitajipukutisha zenyewe humo ndani. Vijiti vimekwenda kwenye mboji.

Maharage tumeyakata usawa wa udongo, mizizi tumeiacha. Vile vinundu vya kwenye mizizi vina naitrojeni, na sukuma ya mwakani itapandwa hapo hapo.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua wiki nzima. Nilivyofikiri ndivyo: bakajani imeingia kwenye nyanya. Majani yana mabaka ya kahawia yaliyozungukwa na ukungu mweupe kwa chini, na mashina yameanza madoa meusi. Huu ni ugonjwa ule ule unaoshambulia viazi mviringo, na unapenda hasa hali kama hii ya ubichi na vuguvugu. Ukiuona, huna wiki ya kusubiri.

Tumeng'oa zote. Hapa kanuni yangu ya mboji ina ubaguzi: mashina yenye bakajani hayaingii, kwa sababu lundo letu ni dogo na halipati joto la kutosha. Tumeyafunga kwenye viroba, Baba Salma akayapeleka kwenye kituo cha taka cha jiji. Tumefukua pia viazi vilivyosahaulika chini, maana vimelea vyake hupita msimu wa baridi ndani ya kiazi kilicho hai.

Matunda tumeyachambua moja moja juu ya turubai. Yenye hata doa moja la kahawia: kirobani. Yaliyoanza kupauka, yaani yanayoelekea kuiva: kwenye boksi la viatu na ndizi mbivu, gesi ya ndizi itayasukuma. Mabichi kabisa, magumu kama mawe: beseni zima.

Nilikuwa nasimama na lile beseni nikasikia nyuma yangu, "Wewe natupa nini? Usitupa!" Ni Ba, jirani yetu wa kipande cha upande wa kisima. Watoto wote hapa wanamwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, nasi tumefuata. Alizaliwa Jinja, na Kiswahili chake ni cha dukani na jikoni, hakina viambishi vya kutosha lakini hakijawahi kukosa amri. Aliondoka Uganda msichana mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wamehama. Karibu watu 28,000 walikuja Uingereza, na halmashauri ya Leicester ya wakati huo ilifikia hata kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mji huu. Ba huisimulia habari hiyo akicheka hadi anashika kiuno: "Nasema sisi usikuja. Sisi nakuja tu!"

Hamadi amefundishwa kumwamkia shikamoo. Ba hujibu "mzuri sana", na hakuna anayeona sababu ya kumsahihisha.

Amenipa uwatu wa kutosha na maagizo ya achari. Kesho jikoni.

Jumatatu, 30 Septemba, usiku

Achari ya nyanya mbichi. Naandika vipimo hapa kwa ajili ya mwakani, na kwa ajili ya wifi yangu wa Birmingham ambaye huniuliza kila mwaka.

Nyanya mbichi kilo 2, zikatwe vipande vya unene wa kidole. Chumvi vijiko vikubwa vitatu, changanya, funika, acha usiku kucha (niliziwekea chumvi jana kabla ya kulala). Asubuhi kuna maji ya kijani chini ya bakuli, yamwage. Usizioshe.

Kwenye sufuria pana, mafuta robo kikombe. Yakipata moto tia haradali kijiko kikubwa, funika mara moja, maana zinaruka. Zikinyamaza tia uwatu nusu kijiko cha chai. Nusu, si zaidi, na uangalie rangi: ukigeuka wa kahawia iliyoiva umeshakuwa mchungu na achari nzima itakuwa chungu nao. Kisha tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vilivyotwangwa pamoja, na manjano. Nyanya ziingie, siki mililita 400, sukari gramu 300. Moto wa wastani.

Mwanzo inaonekana kama supu na unaanza kujilaumu. Ngoja. Baada ya nusu saa hivi maji yanakata, vipande vinaanza kung'aa na pembe zake kulegea bila kuvunjika. Burura mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya achari kujirudia, zima. Chupa ziwe zimeoshwa na kukaushwa ndani ya oveni, zijazwe zikiwa na moto, vifuniko vikazwe hapo hapo.

Tanga mama angeianika juani, embe na ndimu siku kadhaa kwenye ungo juu ya bati, na siki hata asingeigusa. Hapa jua la kuanika halipo, kwa hiyo ni siki na moto. Nimemtumia picha. Amejibu kwa sauti: "Ina rangi nzuri. Onja baada ya mwezi ndiyo uniambie." Chupa zimepangwa kabati la chini, lenye giza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Usiku baridi imekaribia jalidi. Maboga lazima yatoke leo, na majani yake pia, kwa sababu jalidi ikipita usiku mmoja asubuhi unayakuta meusi, yamelala kama matambara.

Kwanza majani. Nimechuma ncha laini tu na majani machanga, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuanza kumenya. Salma hakuwahi kufanya kazi hii, nimemwonyesha: vunja kikonyo pale mwisho bila kukikata kabisa, vuta taratibu kuelekea kwenye jani, uzi unatoka mrefu ukiwa na vile vinywele vinavyowasha. Zungusha, vuta tena. Ukifika kwenye jani lenyewe, uzi unagawanyika na kufuata mishipa. Usiuvute kwa pupa, utachana jani. Mara ya kwanza alichana. Baadaye alikuwa ananishinda kwa kasi, vidole vimekuwa kijani hadi kucha. Jioni tumeyapika kwa karanga za kutwanga, ugali pembeni. Hamadi amekula bila kubembelezwa, jambo la kuandikwa.

Maboga yamekatwa na vikonyo vyake virefu, kama umbo la T. Kikonyo kikivunjika ni mlango wa kuoza. Yatakaa kwa jua la dirishani, karibu na hita, kama siku kumi au kumi na nne ngozi ikaze, ndipo yaende kwenye chumba cha baridi. Yakifanyiwa hivyo yanafika Januari bila wasiwasi. Baba Salma analalamika kwamba sebule imekuwa ghala. Sebule imekuwa ghala, kweli.

Jumapili, 20 Oktoba

Majani ya miti. Kuna mstari wa miti mikubwa kwenye uzio wa kaskazini na njia yote imefunikwa. Wenzetu wengi wanayachoma au kuyasomba. Sisi tumeleta reki, viroba na watoto wawili, na hii ndiyo kazi pekee ya mradi mzima ambayo haikuhitaji hongo.

Utaratibu: rekia majani yakiwa yamelowa, jaza kirobani, mtoto aingie akanyage, jaza tena, toboa matundu kwa uma wa kulimia, funga, tupa nyuma ya kibanda usahau. Majani makavu hayaozi, kama hayajalowa yamwagie maji. Yanachukua mwaka mmoja, mara nyingi miwili, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na kuvu polepole, si ule moto wa bakteria unaouona kwenye lundo la mboji. Virutubisho vyake si vingi. Faida yake ni kushika maji na kulegeza udongo, na huu wetu ni mfinyanzi unaogandia buti. Majani ya pembezoni mwa barabara sichukui, yana mafuta ya magari.

Kona ya nyuma nimekataza isiguswe. Kuna rundo la matawi na majani pale, na kiangazi tulimwona kalunguyeye akiingia hapo jioni. Hawa wanyama hulala kipindi chote cha baridi, na wanakula koa. Mwenyekiti wa wakodi wa mashamba haya, mtu mpole lakini anayependa mistari iliyonyooka, amepita akatazama kona, akatazama mashina ya alizeti niliyoyaacha yamesimama kwa ajili ya ndege, akaniuliza lini nitamalizia. Nimemwambia nimeshamaliza. Kwa maoni yangu kishamba kilichofagiliwa hadi udongo unang'aa kimeachwa uchi: mvua inakichapa, rutuba inakimbia, na wadudu wa maana hawana pa kujificha. Ba yeye ni upande wa mwenyekiti. Kipande chake unaweza kula chini.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma usiku. Jua sasa linazama saa kumi na moja kasorobo, kwa hiyo siku za shule hakuna tena shamba baada ya saa za masomo. Kila kitu ni wikendi.

Vitunguu saumu vimeingia ardhini. Punje moja moja, ncha juu, ukingo mpana chini, nafasi ya sentimeta 15, kina cha vidole viwili. Kinapandwa sasa kwa sababu kinahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo kigawanyike punje. Bila baridi unavuna tumba moja la duara lisilo na punje ndani. Ndiyo maana kwetu kitunguu saumu kinatoka Mbulu kwenye ubaridi, huwezi kukikuta kimestawi Tanga mjini. Kuvuna ni Julai.

Hamadi alipanda safu yake mwenyewe. Nyingine zimekaa kichwa chini. Nazo huota, ila shingo inapinda, basi tutazijua.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwaka huu Diwali na Halloween zimeangukia siku moja, Alhamisi iliyopita. Ukiishi karibu na Belgrave Road, barabara ya maduka ya Wahindi hapa Leicester, kama sisi, hiyo maana yake ni taa za barabara nzima, fataki hadi usiku, mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu kwenye karatasi, na katikati yake watoto waliovaa kama mafuvu. Ba alituletea chevda (vitafunio vya Kihindi vya mchanganyiko) ya nyumbani kwenye ndoo ya aiskrimu. Tumemrudishia ndoo na sukuma wiki, kwa sababu ndoo hairudishwi tupu.

Leo mitaani maboga ya Halloween yamekaa milangoni yakisubiri pipa. Nimeomba kwa majirani wawili ambao hawakuyachonga. Hawakuamini kama kuna mtu anayetaka kuyala, na kwa haki yao, yale makubwa ya rangi ya chungwa yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa: nyama nyembamba, maji mengi, ladha ya mbali. Boga la nazi huwezi kulipika kwa hayo. Mbegu lakini ni nzuri, nyingi na nene.

Boga la nazi tumepika kwa letu wenyewe. Vipande na maganda yake, tui jepesi kwanza na chumvi kidogo, likishaiva tui zito, sukari, iliki, moto mdogo lisichemke likakatika. Tumekula moto moto kwa vijiko, kila mtu na bakuli lake, na hakuna picha kwa sababu halikukaa.

Mbegu: zimeoshwa, zikachemshwa kwenye maji ya chumvi, zikakaushwa na kukaangwa kavu. Halafu kazi ya kumenya, ambayo ilifanyika mbele ya televisheni na kwa hiyo sehemu kubwa iliishia matumboni. Zilizosalimika zimeingia kwenye kashata.

Kashata ni ya nazi. Nazi iliyokunwa tunanunua ya barafu kwenye maduka ya Wahindi. Vikombe viwili vya nazi, viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji, iliki. Sukari na maji vichemke vyenyewe kwanza bila kukoroga. Povu mwanzoni ni kubwa na jepesi, linapanda na kushuka. Baadaye linakuwa zito, matundu yake yanadogoka, na sauti inabadilika, inakuwa ya kubwata badala ya kuchemka. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya na ukaweza kulifinyanga kwa vidole, tia nazi na mbegu na usiache mwiko hata simu ikiita. Mchanganyiko ukianza kuachana na kuta za sufuria, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, gandamiza kwa mgongo wa kijiko, kata pembe kwa kisu chenye mafuta ikiwa bado ina moto. Ukingoja ipoe ndipo ukate, inapasuka ovyo.

Salma alikata. Vipande vilikuwa na ukubwa tofauti na kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwenye kona aliyokaa yeye.

Jumapili, 10 Novemba

Wiki nzima wingu limefunika mji kama kifuniko, jua hatujaliona. Si baridi, si mvua, hakuna kitu. Tumetandaza samadi ya farasi kwenye matuta matupu, bila kuichimbia, nyungunyungu wataishusha. Tumefunika kwa maboksi tuliyoyatoa gundi na utepe. Hakuna la zaidi.

Achari imefunguliwa. Imekaa vizuri, ukali umetulia, uwatu unasikika kwa mbali. Baba Salma, yule yule wa ubahili, ameuliza chupa ni ngapi. Sikumjibu.

Jumanne, 19 Novemba

Theluji. Watoto wamepiga kelele saa kumi na mbili asubuhi. Jioni, tayari giza, nimepita shambani na tochi kukung'uta wavu wa sukuma wiki usivunjike kwa uzito, nikachuma mkono mmoja.

Ni kweli wanavyosema. Baridi ikipiga, mmea unageuza wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyo ndani yasigande haraka, na unaonja tofauti hiyo mdomoni. Nimeikata nyembamba kabisa, kitunguu, nyanya moja ya lile boksi la viatu (zimeiva karibu zote, ladha si ya kiangazi lakini ni nyanya), dakika chache tu kwenye moto. Ile ya Agosti ilikuwa na uchungu ambao watoto waliusukuma pembeni ya sahani. Hii waligombania.

Jumapili, 1 Desemba

Dhoruba ya wikendi iliyopita imeng'oa sehemu ya paa la kibanda na kupeperusha maboksi mawili hadi kwa Ba, ambaye ameyakunja vizuri na kuyarudisha na maoni yake. Kibanda Baba Salma atakitazama Jumamosi, ameahidi mbele ya karani.

Orodha ya friji, kama ilivyo leo. Mchicha: umekwisha, mbegu zimejaa chupa ya kahawa, nusu ni za Ba anayetaka kujaribu. Nyanya: zimekwisha. Maboga: mawili yamebaki chumba cha baridi. Majani: viroba viko nyuma ya kibanda, vimesalimika. Kitunguu saumu: kimechomoza, hata kile cha Hamadi, kikiwa kimepinda kama tulivyotarajia. Achari: chupa nne zimebaki, moja ya wifi, moja ya mwenyekiti ili anisamehe ile kona, mbili zetu. Kashata: hakuna, Salma amefuta mstari huo na kuandika upya "kutengeneza". Nazi ipo kwenye friza.